Sinia ya Nilab

Katika msongamano wa soko la Mandawi, jijini Kabul, mikono miwili ilidaka mfuko mmoja wa zabibu kavu.

"Niachie, kaka. Nimetangulia mimi."

"Chukua, ila nipe jina lako."

"Kwani zabibu zinauzwa kwa majina?"

Alilitaja hatimaye: Nilab, mtangazaji wa redio, mwenye shela ya kijani na msiba wa mama yake bado mbichi kifuani. Kijana alikuwa Yama, mwongozaji wa filamu aliyekulia Ujerumani.

Msimu wote ule wa baridi hawakulala bila simu, wakiitana jan, yaani mpenzi.

"Umekula, Yama jan?"

"Nitakulaje hujanichokoza?"

Ndipo Nilab akamsimulia habari za mama yake: alipofiwa na mume, shemeji alikuja kumrithi, mama akamfungia mlango, akauza bangili zake, akalea watoto kwa cherehani.

Yama akaitengenezea filamu, kwa nia njema kabisa. Lakini kwenye pazia la sinema mjane alianguka miguuni pa shemeji, akilia. Usiku wa kuonyeshwa kwake Kabul, wageni kutoka nje wakafuta machozi. Wenyeji wakaguna.

Kesho yake Nilab alisema redioni: "Filamuni waposaji wanakuja na sinia ya peremende! Kwetu nyumba ya binti ndiyo huitoa, na kuitoa ndiko kukubali. Asiyejua hilo atajuaje mjane wa Kabul anavyosimama?" Magazeti yakadakia, yakamtafuna Yama wiki nzima.

Simu ikalia.

"Umenichinja, jan. Nilitaka dunia imheshimu mama yako."

"Kwa kumpigisha magoti?"

"Nisamehe. Ijumaa namleta mama yangu aje kuposa."

"Mlete," Nilab akasema, kwa upole mno.

Ijumaa, wageni na jamaa walipokwisha kunywa chai ya iliki, Nilab aliingia na sinia iliyofunikwa kitambaa alichokitarizi marehemu. Yama, aliyefundishwa maana yake na redio, aling'aa uso mzima.

"Hongera, mwanangu!" mama yake akashangilia, akafunua.

Sinia ilikuwa tupu.

Bibi yule alijifunika uso kwa shela yake ya hariri, akatoka bila kuaga.

"Umemwaibisha mama yangu mbele ya watu!" Yama alifoka.

"Inauma, eeh? Wako ameondoka kwa miguu yake. Wangu yumo kwenye pazia lako, kila jioni anapiga magoti."

Yama akamfuata mama yake nje. Mlango ulipofungwa, Nilab alikikunja kitambaa, akaenda jikoni. Lozi za sukari zilikuwa bado mezani, alizozinunua za kuijaza sinia siku ile ya simu, kabla hajaamua kuitoa tupu.