Waliita Jina Nisilolijua, Mwanangu Akatoka Mstarini

Nina miaka arobaini na kidogo, ninaishi Kabambare katika nyumba aliyoniachia marehemu baba yangu, sina mume wala mtoto wa kulala naye chini ya paa moja. Wanaoniona nikipita na jembe kwenda shamba la pamba hudhani mimi ni tasa. Si tasa! Nilizaa watoto wawili, na habari za huyu wa kwanza ndizo nitakazowaeleza leo, wasomaji wenzangu.

Nilizaliwa katika nyumba ya Kikristo, sisi Wabangubangu wa huku. Lakini nilipokuwa msichana nilimpenda Mwislamu wa mjini Kasongo, Amisi, fundi cherehani. Nikasilimu, akanioa. Alikuwa mtu wa haki, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kutoa. Nasema hivyo hata leo, baada ya yote aliyonitenda.

Mtoto wetu Shabani alipofikia umri wa kusoma, Amisi alikosa raha. Alitaka mwanawe ajue Kifaransa na hesabu, siku moja awe karani, asipinde mgongo juu ya cherehani maisha yake yote. Sasa ampeleke wapi? Shule zote zilikuwa za mapadri! Waislamu wengi wa mjini walikataa kabisa kuwapeleka watoto wao huko, na walikuwa na sababu zao.

Hapo ndipo alipoingia mdogo wangu Donati... Tumbo moja, mimi na yeye! Nilimbeba mgongoni huku mwenyewe bado mtoto. Alikuwa mwalimu katika shule moja ya misheni pale Kasongo, akamwambia mume wangu mbele yangu:

“Shemeji, unipatie huyu mutoto. Miye mwenyewe nitamuchunga. Atasoma hesabu na Kifaransa, mambo ya dini hayatamugusa.”

Amisi akamwamini. Nani asingemwamini shemeji yake?

Kila mwisho wa muhula shule ilitoa karatasi ya pointi kwa kila mtoto, mzazi aitie sahihi, kisha irudishwe kwa padri mkuu. Mume wangu aliandika herufi za Kiarabu vizuri kuliko watu wengi wa mtaa wetu, lakini zile za Kizungu hakujua hata moja, na mimi ndiyo kabisa. Kwa hiyo Donati alikuja mwenyewe, akaketi barazani, nikampa kahawa ya tangawizi, akatusomea. Hesabu, tisa juu ya kumi. Kusoma, tisa. Kazi ya bustani, nane. Usafi, saba tu, naye akacheka sana, akamtania mume wangu: mtoto wa fundi cherehani anawezaje kuvaa kola chafu? Tukacheka wote. Amisi akatia sahihi yake ya Kiarabu, akamwita Shabani, akampapasa kichwa.

Kumbe juu kabisa ya karatasi ile kulikuwa na mstari uliotangulia yote, na huo Donati hakutusomea hata siku moja. Pointi za dini! Katika hizo mwanangu alikuwa mbele ya wenzake wote.

Mwaka baada ya mwaka ilikuwa hivyo. Shabani alikuwa akiimba nyimbo ngeni akichota maji, nami nikasema moyoni, ni nyimbo za shule, watoto huimba... Ningejuaje?

Ukafika mwisho wa darasa la nne. Wa mjini wanajua jinsi proklamasyo, siku ya kutangaza matokeo, inavyokuwa. Wazazi wanajaa uwanjani, watoto wanasimama kwa mistari, padri mkuu anasoma majina kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho aliyefaulu. Mtoto akisikia jina lake anatoka mbele, anapewa mkono, watu wanapiga makofi. Asiyeitwa ameanguka, wala hakuna anayehangaika kumwambia.

Donati alikwisha kutunong'oneza kwamba Shabani ni wa kwanza. Wa kwanza! Amisi alimshonea shati jeupe, kola yake ameikaza kwa mshono mara mbili kwa sababu ya utani ule. Akawaalika rafiki zake wa msikitini waende naye, wakasikie kwa masikio yao kwamba mtoto wa Kiislamu anaweza. Mimi nilibaki nyumbani kupika pilau ya kuwapokea. Loo, pilau ile!

Yaliyotokea uwanjani nilisimuliwa na jirani aliyekuwepo. Padri alifungua karatasi, akasema kwa sauti kubwa: “Wa kwanza, Bonifasi!”

Watu wakapiga makofi. Amisi naye akapiga, kwa adabu tu, akimpongeza mtoto wa mwenzake. Halafu akaliona shati lake jeupe likitoka mstarini... Mwanangu alikwenda mbele, akapewa mkono, akageuka kumtafuta baba yake kwa macho, huku anacheka. Rafiki za mume wangu wakainama. Wa pili alikuwa bado hajaitwa, Amisi akaondoka.

Aliingia nyumbani peke yake. Nikamuuliza, wageni wako wapi? Kabla sijaweka mwiko chini, Shabani akafika mbio, jasho linamtiririka, ameshika zawadi yake ya kalamu.

“Baba, niko wa kwanza! Mbona umeondoka?”

Amisi akasimama mlangoni. “Miye sina mutoto Bonifasi.”

“Lakini baba... si ulikubali? Mujomba alisema ulikubali!”

Mume wangu akafunga mlango. Nikamsihi, nikamshika miguu. Akaniambia nisijifanye mjinga, kwamba Donati ni damu yangu, kwamba mimi na ndugu yangu tulikula njama tangu mwanzo tumrudishe mtoto kwa Wakristo. Akasema nikitoka nisirudi. Nikatoka kwa mlango wa nyuma! Nilipofika barabarani, Shabani hakuwepo tena.

Nilikimbia mpaka kwa Donati. Nilimkuta ameketi, shati jeupe liko mapajani mwake. Mtoto alikuwa amefika pale, akamuuliza mjomba wake jambo moja tu, kama ni kweli baba alikubali. Donati akaangalia chini. Basi Shabani akavua shati, akaliweka chini, akaenda zake kifua wazi.

“Dada, darasa ya tano hawapokei mutoto asiyebatizwa. Basi alibatizwa, wakamupa jina Bonifasi. Nilimuambia mutoto baba yake amekubali, lakini hapendi maneno hayo nyumbani sababu ya majirani. Padiri nilimuambia vile vile. Nilizania Amisi akisikia ‘wa kwanza’, furaha itashinda hasira...”

Nilimzaba kofi. Tangu siku ile sijamwita ndugu.

Tulimtafuta mjini kote. Nilikwenda Nyangwe kwa miguu, wenye mitumbwi wakaniambia ndiyo, wamemvusha mto Lualaba mtoto kifua wazi aliyesema anakwenda kwa baba yake. Baba yake yupi, ng'ambo ile? Nilivuka, nikauliza kijiji kwa kijiji, mpaka miguu ikavimba. Hakuna aliyemwona.

Talaka niliipata niliporudi. Binti yetu mdogo, Zaina, alibaki kwa baba yake, leo ameolewa, wala sikuitwa harusini. Nasikia Amisi bado anashona, lakini mtu akimletea kitambaa cheupe cha mtoto, humpeleka kwa fundi mwingine.

Hapa Kabambare nilijifunza kusoma pamoja na akina mama wengine. Najua sasa kusoma karatasi ya pointi, kila mstari, wa juu na wa chini. Lakini nitasoma ya nani?

Kila mwaka nakwenda kwenye proklamasyo ya shule yetu hapa. Mwaka huu mwalimu mmoja kijana, mgeni, alinikuta bado nimesimama uwanjani, wazazi wote wamekwisha kuondoka. Akaniuliza kwa upole:

“Mama, mutoto wako ni nani? Majina yamekwisha.”

“Shabani,” nikamwambia.

Akaangalia karatasi. “Shabani haiko, mama.”

“Ujaribu Bonifasi.”

Akaangalia tena, kwa makini, maskini. “Na Bonifasi haiko.”

Nikamshukuru, nikarudi shambani.

Wazazi wenzangu, nawasihi! Habari za mtoto wako usizipokee kwa kinywa cha mtu mmoja, hata awe ndugu yako wa damu. Nenda shuleni mwenyewe. Mketishe mtoto, muulize wanamfundisha nini, wanamwitaje, amekatazwa kusema nini. Nanyi walimu, mzazi asiyejua kusoma msomeeni yote, hata lile litakalomkasirisha. Na siku wakiita jina linalokuchoma moyo, ngoja. Mwache mtoto akufikie kwanza, mshike. Ugomvi una wakati wake.

Nawe mwanangu, kama uko hai na gazeti hili limefika huko uliko... mimi niko Kabambare, kwa babu yako. Njoo na jina lolote ulilobaki nalo. Mlango wangu siufungi.