Mwantumu Asugua Mawe

Sogeeni karibu, mje na masikio yote mawili.

Mwantumu aliishi na Bibi yake kando ya kijito. Kijito kilipita kwenye mikoko, kikaenda zake baharini. Chururu, chururu, chururu.

"Nilipokuwa mdogo nilicheza humu mchana kutwa," alisema Bibi. "Mama aliniita mpaka sauti ikamkauka!"

Kisha watu wakatupa taka. Maji yakanuka. Bibi akaacha kuingia.

Sasa taka zimeondolewa. Lakini Bibi alikaa ukingoni tu, akitazama. Alikuwa na hamu na kijito chake, jamani!

"Kesho anakuja Dada Salha, mpima maji," alisema. "Akisema kijito kimepona, nitaingia."

Mgeni anakuja! Na mgeni akija, si lazima tusafishe?

Asubuhi Mwantumu alichukua kumbi la nazi. Akasugua mawe ya kijitoni. Kwaru, kwaru, kwaru! Yakang'aa kama sahani za Idi.

Dada Salha akaja na wavu na beseni jeupe.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba, Mwantumu."

Akainua jiwe. Hamna kitu. Akainua la pili. Hamna kitu.

"Maji mazima huwa na wadudu wake," alisema Dada Salha. "Hapa simwoni hata mmoja. Pole, Bibi. Kijito bado kinaumwa."

"Haya, mwanangu," alisema Bibi polepole. Akageuka aende nyumbani.

Machozi yalimlenga Mwantumu.

"Bibi, ngoja! Ni mimi! Niliyasugua mawe. Nilitaka yawe safi."

"Kumbe!" Dada Salha akacheka. "Umewafukuza wenye nyumba! Haya, twende pale ambapo hukusugua."

Pale mawe yalikuwa na matope na utelezi. Dada Salha akachovya wavu. Chubwi! Akamwaga kwenye beseni.

Kitu kikatambaa. Mtoto wa kereng'ende! Kisha konokono. Kisha kamba mdogo, akaruka. Pwi!

"Kijito kimepona, Bibi!" alisema Dada Salha.

Bibi alivua ndala. Akapandisha kanga. Akaingia majini, chubwi, chubwi, mpaka magotini.

Akacheka. Akarusha maji. Akamlowesha Mwantumu, akamlowesha na Dada Salha.

"Mwantumu!" aliita. "Leo nina miaka saba!"

Jioni ile Bibi alisinzia hata kabla ya kula. Mwantumu akamfunika kanga, akambusu shavuni.

"Lala, mtoto mzuri," akamnong'oneza. "Kesho utacheza tena."