Oili Iliyoingia Mferejini

Likizo ile, Chiriku aliamka kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akapiga mswaki, akanywa chai harakaharaka, kisha akafuatana na shangazi yake hadi kituo cha boti kando ya ziwa. Msichana huyu wa miaka kumi na miwili alipata jina hilo kwa sababu ya mdomo wake. Aliongea tangu anapofumbua macho mpaka anapolala, na siku nyingine hata usingizini.

Shangazi alikuwa fundi mkuu wa kituo. Msimu wa wageni ulikuwa umekwisha, na waliopita nje ya geti walidhani kituo nacho kimelala. Wapi! Kazi ndiyo kwanza ilikuwa imepamba moto. Boti zilivutwa kutoka majini moja baada ya nyingine, zikapangwa uani juu ya magogo, zikakwanguliwa rangi kuukuu, zikabadilishwa oili, kisha zikafunikwa mpaka wageni warudi.

Kobe, binti wa Shangazi, ndiye aliyekuwa akilainisha rangi kwa dawa na kuikwangua. Alikuwa rika moja na Chiriku, ila yeye hakuwa na haraka na lolote. Chini ya boti alitandika turubai, ili hata chembe moja ya rangi isipeperuke kuingia ziwani. Chiriku naye alibeba kwa beseni oili chafu iliyotoka kwenye injini na kuimimina katika pipa lililokuwa mwisho wa uwanja.

"Usijaze beseni," Shangazi alimwambia kila asubuhi. "Na uzunguke nyuma ya banda. Usikatize penye mfereji."

Siku hiyo Chiriku alikuwa na mashindano kichwani.

"Leo nakuacha mbali," alimtania Kobe. "Mimi nitamaliza boti tatu, wewe bado uko kwenye hiyohiyo moja!"

"Tangulia tu," Kobe akajibu bila kuinua kichwa. "Mimi sikimbizwi na mtu."

Basi Chiriku akaacha beseni lijae pomoni, akakatiza penye mfereji. Hatua ya tano, mguu wake ukanasa kwenye kamba. Beseni likamponyoka. Oili nyeusi ikatapakaa juu ya sakafu ya saruji.

Alitazama huku na huku. Shangazi alikuwa ameinamia injini. Kobe hakuonekana. Bila kufikiri mara mbili, Chiriku akafungua bomba, akaisukuma oili kwa maji mpaka yote ikatumbukia mferejini. Sakafu ikawa safi. Ndipo akakumbuka mfereji ule ulikokwenda: moja kwa moja kwenye matete ya ziwa, mahali samaki wanapotagia mayai.

Akarudi kazini kimyakimya.

"Chiriku, mbona leo husemi?" Shangazi akauliza. "Unaumwa?"

"Hapana, Shangazi. Nimechoka tu."

Haukupita muda akafika mzee mmoja wa chama cha kulinda ziwa. Kituo kizima kilimwita Bwana Maji, kwa kuwa kila mwezi alikuja na chupa zake kupima maji. Alishuka hadi kwenye matete, lakini hata chupa moja hakuijaza. Alirudi akitweta.

"Fundi, kuna mafuta majini! Ni kidogo, ila yanaongezeka."

Shangazi aliacha spana ikaanguka. "Kobe! Umemwaga dawa ya kuondolea rangi?"

"Si mimi, Mama!"

"Sasa ni nani? Basi labda kuna tangi linavuja. Kagueni boti zote, mojamoja!"

Mafundi wakatawanyika. Walichungulia boti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chiriku alimwona Kobe akifuta machozi kwa kiganja chenye vumbi la rangi. Alijua watakagua boti zote ishirini na wasione kitu, na huku oili inazidi kuteremka.

"Shangazi!" alipaza sauti. "Acheni boti. Ni mimi. Nilimwaga beseni zima la oili, nikaisukuma mferejini kwa maji."

Mafundi wakaacha boti, wakamgeukia.

"Lini?" Shangazi akauliza.

"Kama nusu saa hivi."

"Basi nyingi bado iko njiani. Leteni ubao! Leteni maranda!"

Waliziba mdomo wa mfereji kwa ubao. Wakamwaga magunia mawili ya maranda ya mbao, yakainyonya oili iliyokwama ndani. Bwana Maji akatandaza kamba nene ya kunyonyea mafuta kuzunguka matete. Chiriku na Kobe, mikononi wamevaa glavu, walizoa maranda meusi na kuyatia kwenye ndoo zenye vifuniko, mpaka migongo ikawauma.

"Nisamehe," Chiriku alinong'ona. "Umesingiziwa kwa ajili yangu."

"Nimekusamehe," Kobe akasema. "Ila ndoo hii nzito unabeba wewe."

Saa tisa alasiri Bwana Maji aliinua chupa juani. Maji yalikuwa maangavu. "Nitapima tena kesho na keshokutwa," alisema, "lakini nadhani tumewahi."

Shangazi alimwomba Kobe radhi kwanza, mbele ya mafundi wote. Kisha akamketisha Chiriku kando yake.

"Mwanangu, kumwaga oili ni bahati mbaya. Hata mimi nimemwaga, tena si mara moja. Lakini ulipoificha ulitufunga macho sote. Tulitafuta pasipo na kitu, na binamu yako akalizwa bure. Ulipofungua kinywa, tulijua mara moja pa kuziba. Leo ziwa halikuokolewa na ubao wala maranda. Limeokolewa na wewe kusema kweli. Siku nyingine ukikosea, niite papo hapo, hata kama unaogopa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi."

"Haya, kanawe mikono. Boti ya pili inakungoja."