Moshi Uliokataa Kuondoka

Baba hununua nyaya chakavu, huzichoma nyuma ya nyumba mpaka plastiki iishe, kisha huuza shaba. Huchoma alfajiri, hewa ikiwa imetulia. "Bila upepo, moshi haumfikii jirani," husema, kwa sauti ya mtu aliyegundua dawa.

Mdogo wangu, tunayemwita Kifaranga, ana pumu. Asubuhi moja ya likizo alianza kukohoa.

"Umeshamfundisha ujinga wako," Baba akaniambia.

Nakiri: bwenini mimi ni bingwa wa kukohoa kwa uongo kila siku ya kufyeka majani. Lakini Kifaranga hakuwa anaigiza. Mbavu zilibonyea kila alipovuta pumzi. Midomo ilibadilika rangi. Niliogopa mpaka utani ukanikauka mdomoni.

Mama alimkimbiza zahanati, akapewa dawa ya kuvuta. Jioni akaja jirani yetu, Dada Mawingu, mfanyakazi wa ofisi ya hali ya hewa. Alifungua kompyuta juu ya meza ya kulia.

"Shemeji, tazama. Humu tumegawa anga vyumba vyumba. Kila chumba kina joto lake, upepo wake na moshi wake. Kompyuta inapiga hesabu: moshi utakwenda wapi, na jua likiupiga utageuka sumu gani."

"Imewahi kukohoa hiyo?" Baba akacheka.

Alicheka peke yake.

"Kesho alfajiri hewa baridi italala chini," Dada Mawingu alisema. "Juu yake kutakuwa na hewa ya joto, kama kifuniko cha sufuria. Upepo hakuna. Moshi wako hautaondoka, shemeji. Utapita chini ya mlango huu."

"Na ikikosea?"

"Hukosea. Ndiyo maana kila siku tunailinganisha na kipimo kilicho juu ya paa la ofisi. Ikikosea kesho, utakuwa umesubiri bure. Wewe ukikosea je?"

Baba alimtazama Kifaranga.

Alfajiri nilisikia kiberiti kikichezacheza mfukoni mwa Baba. Nikamfuata uani.

Mtu wa nyumba ya tatu alikuwa amechoma takataka. Moshi ulipanda hadi usawa wa paa, ukasimama, ukajilaza, ukaanza kutambaa kuja kwetu. Ulifika kizingitini.

"Lete tambara lenye maji!" Baba alinong'ona. Tuliingia ndani, tukaziba chini ya mlango.

Tangu siku hiyo hachomi. Tunamenya nyaya kwa kisu, mmoja mmoja. Baba alikwenda mwenyewe kumweleza mtu wa nyumba ya tatu habari za kifuniko, kwa sauti ileile ya mgunduzi wa dawa. Kifaranga sasa analala usiku kucha.

Jana, tukiwa tunamenya, alikohoa ghafla. Visu vilituponyoka. Mama akakimbilia dawa.

Kifaranga akacheka. "Nimechoka kumenya."

Baba aligeuka kunitazama. Nami, bingwa, sikuona cha kuchekesha hata kidogo.