Ekseli ya Sirisia

Siku hiyo Kitale ilikuwa sawa tu. Jua kidogo, mvua inajipanga kule Elgon, watu wanauza viatu kando ya barabara. Mzee Amarjit alifunga duka yake ya spea mapema, akaingia kwa Datsun yake, akashuka nayo Bungoma.

Hiyo Datsun, wacha nikwambie. Ni 160J ya zamani, nyeupe, imekimbia rali mpaka milima ilikuwa inasogea kando kuipisha. Ukiiwasha Kitale, kuku wa Webuye wanaacha kutaga. Kuna watu hawajawahi kupendwa na mama zao vile Amarjit alikuwa anapenda hiyo gari.

Lakini ilikuwa na aibu moja. Ikiingia matope, gurudumu moja la nyuma linazunguka kama kichaa na lingine linasimama tu, kama mgeni ambaye hakualikwa. Mwaka jana, mvua ya kumeza ng'ombe na kengele yake, Amarjit na bibi yake Simran walikuwa wanatoka upande wa Suam. Wakapitia njia ya udongo katikati ya mashamba ili watokee lami. Simran akashikwa na pumu. Gari nayo ikakwama. Gurudumu moja likazunguka, likazunguka. Lingine limelala. Lami ilikuwa pale mbele, unaiona kwa macho. Simran alifia kwa kiti yake, ameshika mkono wa bwana yake, akimwambia, "Usikasirikie gari."

Tangu hapo Amarjit hakuwa na hadithi ingine. Alikuwa anataka difu mpya, ile kichwa cha chuma katikati ya magurudumu ya nyuma, ile yenye haikubali gurudumu moja lizembee. Alitaka kupita pale mahali bila kukwama, hata mara moja tu kabla afe. Na alikuwa na haraka, kwa sababu watu walisema marram, ile changarawe nyekundu ya barabara, inakuja kumwagwa hapo karibuni. Matope ya Simran yangefunikwa.

Shafi, fundi wa nyuma ya msikiti pale Bungoma, alimwona akiingia, akacheka.

"Mzee, hii gari bado hawajaiweka makumbusho?"

"Wataanza na wewe. Niambie, tuweke difu gani?"

"Sikiza. Kuna watu wanachomelea difu tu, magurudumu yanakuwa ndugu wa damu. Lakini kona ya lami itakutupa kwa mahindi ya watu. Alafu iko ile ya gia. Hiyo ni mpole, kelele hakuna, bibi arusi kabisa. Shida ni gurudumu likining'inia hewani, hiyo inakuangalia tu."

"Sitaki kitu ya kuniangalia, Shafi. Nimeangaliwa ya kutosha."

Shafi aliacha kucheka. "Basi ni ile ya sahani. Zinabanana huko ndani, gurudumu moja likiteleza linavutwa na mwenzake. Inanguruma kidogo, na inataka mafuta yake maalum. Iko moja Sirisia. Lakini gari yenye iko nayo iliua mwenyewe, mzee."

Amarjit aliangalia Datsun yake. "Hata yangu," akasema.

Huko Sirisia walipata mama anaitwa Phelista, mjane. Bwana yake Makokha alikuwa amebingirika na gari kama hiyo ya Amarjit huko Bokoli. Mabaki yalikuwa nyuma ya jikoni, nyasi zimepanda mpaka dirishani. Makokha alikuwa mrefu, bana, mtu wa kuinama akipita chini ya nyaya za stima. Phelista alikubali watoe ekseli nzima, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma, na difu ndani yake.

"Mulembe, amani tu, mzee. Chukueni. Lakini mafuta yake mwageni hapa. Kwetu gari ikiua mtu, mafuta inabaki kwa boma yake. Ata kama ni pikipiki."

Shafi alikuwa tayari ameshika karai. Amarjit akamshika mkono.

"Nikimwaga hii nitoe wapi ingine? Ningoje Nairobi? Marram itanipita. Mama, mafuta ni mafuta tu."

Phelista hakubishana. Alifunga leso yake vizuri, akasema polepole, "Basi mzee, umebeba mtu."

Waliifunga kwa Datsun kesho yake. Gari ikainuliwa kwa jeki, magurudumu ya nyuma yakabaki hewani. Kwa difu ya kawaida, ukizungusha gurudumu moja, la pili linarudi nyuma. Kwa hii, yote yanaenda pamoja. Amarjit akachuchumaa upande wa kushoto, akazungusha. La kulia likafuata, nzito, vizuri kabisa. Akatosheka. Akaacha mkono juu ya tairi.

Tairi ikarudi.

Polepole. Kama kuna mtu upande ule mwingine.

"Shafi, wacha mchezo."

"Mimi niko huku kwa bomba, mzee. Naosha mikono."

Amarjit aliinama akachungulia chini ya gari. Hakukuwa na miguu. Tairi ikavuta tena. Haikuvuta kwa nguvu. Ilimvuta vile unamvuta mtu mkono ukimwambia twende.

Shafi alikuja akaona. Mdomo wake, ule wa kushinda redio, ulikauka.

"Mzee," alinong'ona, "turudishe mafuta ya watu."

Lakini Amarjit alikuwa analia na kutabasamu. "Ni Simran," akasema.

"Simran alifia upande wa Suam. Hii imetoka Sirisia."

Hakusikia. Mtu mwenye amemiss mtu hasikii.

Mchana wa siku iliyofuata alienda peke yake. Shafi alikataa kata kata. Mvua ilikuwa inanyesha na ukungu umekaa juu ya mahindi. Amarjit aliacha mlango wa kushoto wazi kidogo, akangoja kama mtu anakaribisha bibi yake, halafu akaufunga. Akaingia ile njia ya udongo.

Datsun ilipanda kama swala. Magurudumu yote mawili yalishika. Matope yaliruka mpaka juu ya miti. Amarjit alipiga kelele ya furaha, akageukia kiti ya kushoto.

Kiti ilikuwa imebonyea. Imebonyea sana. Simran alikuwa mwepesi kama kuku wa shilingi.

Magoti ya mtu yalikuwa yanasukuma dashibodi. Hakuyaona. Aliyasikia.

Na pale mbele, mahali penyewe, mtu alikuwa amesimama kando ya njia.

Shali ya manjano. Imelowa. Mkono juu, vile mtu anasimamisha gari.

Simran.

Alikuwa hapo. Mwaka mzima, alikuwa hapo.

Amarjit akakanyaga breki. Breki ikaenda mpaka chini. Gari haikusimama. Magurudumu ya nyuma yalivuta, yote mawili, kwa nguvu ya mtu ameona kwao.

"Simama! Simama, ni bibi yangu!"

Sauti ya mwanaume ikanong'ona kwa sikio lake, na huzuni nyingi, "Na mimi niko na bibi, mzee. Kanyaga."

Gari ikampita. Kwa kioo Amarjit akamwona akianza kukimbia. Halafu ukungu.

Jua likizama, Phelista alipata Datsun nyuma ya jikoni yake, imeegeshwa kando ya mabaki ya ile ingine. Amarjit alikuwa kwa kiti ya abiria, amefungwa mkanda. Kiti ya dereva ilikuwa imesukumwa nyuma mpaka mwisho. Phelista aliangalia hiyo nafasi ya miguu mirefu. Alileta karai, akalala chini ya gari mwenyewe, akafungua mafuta yakamwagika kwa udongo. Halafu akalia. Wakalia wote wawili, kila mtu wake.

Asubuhi Shafi alienda kuangalia ile njia. Alama za matairi zilikuwa pale, mbili, zimenyooka, hakuna mahali gari imeteleza. Katikati yake kulikuwa na nyayo za mwanamke, bila viatu, zikifuata gari. Hatua zilikuwa zinarefuka kila akienda. Ya mwisho, karibu na lami, vidole vilikuwa vimechimba ndani sana, kama mtu aliyeruka kushika nyuma ya gari.

Juu ya lami hakukuwa na kitu.