Kiti cha Mwinyi Karimu

Jua lilikuwa linazama Othmani aliponipigia simu. Nilikuwa nafunga cherehani yangu mtaa wa Troyeville. Akaomba nipite kwake, mtaa wa Berea, nimsaidie kuhamisha kitanda. Othmani nimekua naye Tanga, tukaja Joburg pamoja. Sikuuliza mara mbili.

Umeme ulikuwa umekatika jengo zima. Nikapanda ngazi nikipapasa ukuta. Mlangoni kwake harufu ikanipokea... ubani, udi, na kitu kama damu mbichi.

Hapakuwa na kitanda cha kuhamisha. Mkewe Zabibu alikuwa ameketi sakafuni, kafunikwa shuka jeupe gubigubi. Nyuma yangu Othmani akafunga mlango kwa ufunguo.

"Kaa, ndugu yangu," akanong'ona.

Chini ya shuka ikatoka sauti ya mwanamume.

Kiswahili chake kilikuwa cha kale, mengine sikuyaelewa. Alisema yeye ni Mwinyi Karimu, bwana wa mji mmoja wa pwani, zama za Wareno. Alimtumikia mfalme wao ambaye hakuwahi kumwona. Kwa ajili ya taji la ugenini aliwafungulia lango la mji wake, akawapiga vita ndugu zake wa damu, maana aliahidiwa kiti cha enzi. Vita vilipokwisha, nahodha wa Kireno, rafiki yake, akamwalika karamu. Hapakuwa na karamu. Walimzika hai chini ya ukuta wa ngome.

Tangu hapo anatafuta kiti. Na kiti cha pepo ni mtu. Amewakalia watu wa ukoo wa Zabibu, kizazi kwa kizazi.

"Nimekuletea huyu," Othmani akamwambia. "Ana mwili wenye nguvu. Mwache mke wangu."

Nilimtazama. Hakunitazama.

Nikavuta kitasa. Hakikufunguka. Shuka likainuka... Ubaridi ukanigusa kifuani, ukaingia ndani, ukapapasa pole pole, kama mtu anayekagua chumba cha kupanga.

Kisha ukaniacha.

"Huyu kaitwa na rafiki yake," sauti ikasema. "Kama mimi."

Zabibu akaanguka. Alipofumbua macho, aliniuliza, "Shemeji, umefika saa ngapi?"

Othmani alisimama mdomo wazi. Alipozungumza, haikuwa sauti yake.

Miezi imepita. Zabibu amenawiri. Othmani anakaa akitazama ukuta, akiitwa jina lake haitiki. Mashehe wamemsomea. Jirani yao Mkongo, Mama Thérèse, amemwombea. Kila mara Mwinyi anajibu lile lile: atatoka siku nitakapomsamehe Othmani.

Zabibu alikuja kwangu akilia. Nikaenda. Nikamshika Othmani mkono, nikatamka mbele ya mkewe kwamba nimemsamehe.

Mwinyi akacheka taratibu.

"Sema tena," akaninong'oneza. "Sasa moyo nao useme."

Nimesema mara nyingi tangu siku ile.

Bado hajatoka.