Kilichogonga Buti

Joyline, rafiki yangu anayefundisha huko Kianjai, alinunua gari la mtumba. Kila akiliendesha, kitu kiligonga kwenye buti. Fundi wake, Mwenda, alilifungua lote asipate chochote.

"Mwalimu, nifungie ndani ya buti," akasema. "Wewe endesha polepole, nisikilize hiyo sauti inatoka wapi."

Ukungu ulikuwa umetanda barabara ya kwenda Maua. Ko, ko, ko. Kisha sauti ikawa ya fujo. Joyline akasimamisha gari, akakimbia kufungua. Mwenda alikuwa amejikunja gizani, mikono yote miwili imevuta kifuniko kwa ndani.

"Mbona umefungua, mwalimu?" akanong'ona. "Haikuwa humu na mimi. Ilikuwa huko nje, inataka kuingia."

Tangu siku hiyo, hakuna kilichogonga buti tena.